Kiingereza cha Jana na Matanga ya Pimbi

Paukwa!

Pakawa, pakawa! Kila siku pakawa, hamchoki? Mimi nimechoka. Leo nikisema "Paukwa", nyinyi semeni "Ingalikuwa". Haya, tujaribu.

Paukwa!

— Ingalikuwa!

Ingalikuwaje?

— Hatujui, hatukuwepo!

Ehee, hapo sawa. Hata mimi sikuwepo, na ndiyo maana nitaieleza vizuri. We Chande, acha kutafuna karanga masikioni mwangu. Nikianza sirudii.

Basi hapo kale palikuwa na mlima wa mawe, na katika mawe yale alikaa Pimbi na mkewe na watoto wao. Pimbi yule mdogo, mnene kidogo, asiye na mkia. Msimcheke. Mkia wenyewe wa nini, kufukuzia inzi tu.

Chini ya mlima alikaa Fisi. Huyo mnamjua, sina haja ya kumweleza. Mdomo mkubwa, tumbo kubwa zaidi, haya hana.

Siku moja akarudi Kasuku. Alikuwa amefungiwa tunduni kwa mwalimu wa shule mjini, mlango ukasahauliwa wazi, puruuu! akarudi porini na Kiingereza chote kichwani. Hakupumzika hata kidogo. Akafungua tuisheni.

"Kiingereza cha leo ni rahisi," Kasuku akawaambia wanyama. "Hata mbuzi wa mjini anacho. Kazi iko kwenye Kiingereza cha jana! Mambo yaliyokaribia kuwa yasiwe, na mambo ambayo bila shaka yalikuwa ila hakuna aliyeyaona. Hapo ndipo msomi anapojulikana."

Fisi akasikia neno "msomi", akavimba kichwa, akaenda kukaa mstari wa mbele.

"Neno la kwanza," Kasuku akasema. "Kudi hevu. Hiyo ni ile ungaliweza kufanya, lakini hukufanya."

"Kwa mfano?" Fisi akauliza.

"Kwa mfano, jana ulimkuta Kanga amelala. Ungaliweza kumla, hukumla. Kudi hevu."

Fisi akasimama. Macho yamemtoka pima. "Mwalimu, inatosha!"

"Inatosha nini? Ndiyo kwanza tumeanza!"

"Inatosha, nimeelimika!" Akaondoka zake, pu! pu! pu! moja kwa moja mpaka kwa Bi Kanga.

"Hodi, Bi Kanga!"

"Karibu, Bwana Fisi," Bi Kanga akajibu.

"Jana nilikukuta umelala. Kudi hevu!"

"Ndiyo nini hiyo, bwana wangu?"

"Ndiyo kwamba ningaliweza kukula, nisikule. Sasa mbona hunishukuru? Au wema wangu umekwenda bure?"

Bi Kanga akaingia ndani. Akatoa mayai, akashukuru. Fisi akabeba, pu! pu! pu! mpaka kwa Mzee Kobe.

"Hodi, Mzee Kobe! Jana ulikuwa unavuka njia. Kudi hevu!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo kwamba ningaliweza kukula, nisikule. Nishukuru!"

Kobe akatoa viazi vitamu, akashukuru. Fisi akabeba, pu! pu! pu! mpaka kwa Dada Digidigi.

"Hodi, Dada Digidigi! Jana ulikuwa mtoni unakunywa maji. Kudi hevu!"

Huyo hata hakuuliza. Akatoa chungu cha maziwa, akashukuru mpaka akapaliwa.

Ikawa ndiyo kazi. Kila kukicha, kudi hevu. Kanga hana yai, Kobe hana kiazi, Digidigi anakamua hewa. Fisi anakula nusu, nusu anaficha pangoni kwake, tumbo ndi! Na kila anayeweza kumla hamli, halafu anataka ashukuriwe! Nyie, kuna viumbe.

Paukwa!

— Ingalikuwa!

Siku hiyo sasa akapanda mawe kwa Pimbi.

"Hodi, Pimbi! Jana ulikuwa unaota jua. Kudi hevu!"

"Asante sana, kaka," Pimbi akasema. "Lakini ndani hamna kitu. Ulichukua mahindi juzi, ukachukua karanga, ukachukua mpaka ufagio."

"Kweli huna kitu?"

"Sina."

Fisi akajilamba. "Basi wema wangu kwako umezidi kipimo. Kesho asubuhi nakuja kukula wewe mwenyewe, tuwe sawa. Usihangaike kukimbia, nyayo zako nazijua. Ukikimbia, nitaanza na watoto."

Akashuka, pu! pu! pu! Bi Pimbi akaangua kilio.

"Mimi nilisema! Ilitupasa tuhame tangu mwezi ule! Ilikupasa unisikilize! Ilikupasa uolewe wewe, mimi nikae kwetu!"

Pimbi alikuwa anaogopa kweli, anawatazama watoto wanavyocheza hawajui lolote. Akashuka mbio mpaka kwa Kasuku.

"Mwalimu, nakufa! Fisi kanimaliza na neno lako. Mke wangu naye nyumbani ni ilikupasa, ilikupasa, ilikupasa."

"Aa, hiyo ni shudi hevu," Kasuku akasema. "Ya kugombania ndani ya nyumba tu, haitakusaidia. Lakini iko masti hevu. Fisi alitoka darasani kabla hatujaifikia."

"Ndiyo nini?"

"Jambo hukuliona, ila ukitazama dalili unasema bila shaka lilikuwa. Kwa mfano nikute manyoya mlangoni kwa Kanga, na Fisi anajifuta mdomo. Nasema masti hevu! Bila shaka kamla!"

Pimbi akatulia. Kisha akacheka, kwi! kwi! kwi! mpaka akaanguka chali.

"Mwalimu," akasema, "kesho njoo msibani kwangu. Na ulie sana."

Jamani, asubuhi ile! Fisi kaamka mapema, kapiga mswaki kwa kijiti, anapanda mawe huku anaimba. Kufika juu, anakuta majamvi yametandikwa. Kina mama wamejifunga viunoni. Moto unawaka, sufuria la maji linachemka, tokoto-tokoto-tokoto.

"Uwiii! Pimbi wetu jamani! Uwiii!"

"Kuna nini hapa?" Fisi akauliza.

"Msiba," Mzee Kobe akajibu, kajiinamia. "Pimbi ametutoka."

"Ametoka kwenda wapi? Ana miadi na mimi!"

"Amefariki, bwana. Ameliwa."

Fisi akaruka. "Ameliwa! Pimbi wangu! Mwizi gani amemla?"

Watu wote wakamtazama. Kilio kikakatika.

"Wewe," Kobe akasema.

"Mimi?"

"Wewe."

"Sijamla mimi! Ningalimla ningalijua!"

Kobe akatikisa kichwa polepole. "Bwana Fisi. Masti hevu."

Sasa angalieni. Fisi neno lile halijui. Lakini Kasuku yuko pale pale anamtazama, na Digidigi anamtazama, na yeye ni msomi wa mstari wa mbele. Aseme hajui? Thubutu!

"Aaa, masti hevu!" akasema. "Naijua sana hiyo. Ila hebu wewe waeleze hawa wasiosoma."

"Ni kwamba hukuona, ila dalili zinasema," Kobe akaeleza. "Tumbo lako hilo. Ndi! Limejaa nini?"

Fisi akalitazama tumbo lake. "Mh."

Dada Digidigi akaja kumpa pole, akamkumbatia, akamwachia unywele wa Pimbi mdomoni. "Na huu unywele, kaka?"

Fisi akautoa, akaunusa. "Mh! Wa Pimbi huu."

"Na leo umeamkaje," Bi Kanga akauliza, "na njaa au umeshiba?"

"Na njaa kidogo."

"Kidogo!" wote wakapiga kelele. "Fisi na njaa kidogo! Umewahi lini?"

Fisi akafikiri. Akafikiri tena. Akakaa chini, pwaa!

"Masti hevu," akanong'ona. "Nimemla." Kisha machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, puru-puru. "Nimemla, na utamu wake siukumbuki! Uwiii! Alikuwa na mafuta? Jamani, nani aliona? Alikuwa na mafuta?"

Hakuna aliyelia siku ile zaidi ya Fisi. Hata mjane alimbembeleza.

Na katikati ya kilio hicho, nani akatokea nyuma ya jiwe? Pimbi! Kavaa kofia yake, kavaa kanzu yake, anatembea mwendo wake, anakata kiuno.

Fisi akaruka juu. "Huyo! Si huyo hapo! Mzima!" Akaachama mdomo, meno yale yote, hatua moja tu yamfikie. Pimbi akaona mpaka kimio. Lakini kiuno akaendelea kukata.

"Astaghafiru!" Bi Kanga akamaka. "Huyo ni mtani wake, Pimbi wa mlima wa pili! Kaja kumwigiza marehemu. Kwenu misibani hakuna watani?"

Fisi akaganda na mdomo wazi. Watani anawajua, nani asiyewajua? Mtani msibani anavaa nguo za marehemu, anakukejeli, anaingia hata kaburini. Na huruhusiwi kukasirika! Anayemgusa mtani msibani, ukoo wake wote unafungiwa shughuli, harusi haendi, pilau haoni. Fisi bila pilau ya watu ataishije?

Akanusa. "Mbona ananukia Pimbi?"

"Si kavaa kanzu ya marehemu!"

Fisi akafunga mdomo, kwap. Pimbi akamsogelea, akamkazia macho.

"Wewe ndiye uliyenila?"

"Ndiyo, mtani," Fisi akasema kwa huzuni.

"Nilikuwa mtamu?"

"Sikumbuki, mtani."

"Loo! Nimejitunza maisha yangu yote, nimenenepa vizuri, halafu naliwa na mtu asiyekumbuka! Ningalijua, ningaliliwa na Chui!"

Watu wakacheka mpaka msiba ukayumba. Mzee Kobe akakohoa. "Jamani, tuzike. Marehemu yuko wapi?"

Wote wakaelekeza vidole tumboni kwa Fisi.

"Basi kaburi ndilo hilo," Kobe akasema. "Bwana Fisi, lala chali. Kaburi halisimami."

Fisi akalala chali. Wakamnyunyizia maji, wakamwekea maua. Kasuku akasoma dua ndefu mno ya Kiingereza, hakuna aliyeielewa, wote wakasema amina. Hapo hapo Pimbi akapanda juu ya tumbo la Fisi, akajilaza.

"Sitoki! Mtani nimeingia kaburini, sitoki mpaka mnipe haki yangu!"

"Mpeni!" Fisi akaguna chini.

"Tumpe nini?" Bi Kanga akasema. "Sisi si umetumaliza?"

Pimbi akaanza kurukaruka juu ya kaburi, dimba! dimba! dimba!

"Uwii, mbavu! Nendeni pangoni kwangu! Kuna mayai, viazi, maziwa, chukueni vyote, mtoeni huyu!"

Wakaenda mbio, wakabeba kila kitu, na ufagio pia. Wakapika. Wakala pale pale, wamelizunguka kaburi, Pimbi amekaa juu na sahani yake ameiegemeza kwenye pua ya Fisi. Harufu ile, jamani, ya viazi vya maziwa!

"Na mimi?" Fisi akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaburi likale?" wakashangaa. "Wewe umeshiba Pimbi mzima!"

Tumbo la Fisi likanguruma, nguruuu!

"Kimya!" Pimbi akasema. "Marehemu anasema."

Wote wakainamisha vichwa. Nguruuu!

"Ni njaa," Fisi akalia.

"Njaa itoke wapi? Marehemu anasumbuliwa na kelele za hapa. Anataka kulala mbali, penye utulivu, nyuma ya milima kule. Mpeleke. Lakini taratibu, usimtikise! Na usirudi naye, atakuja kutufadhaisha."

Pimbi akaruka chini, Fisi akainuka polepole. Akashusha kiuno, marehemu asitikisike. Akatembea, nyata, nyata, nyata, maua bado kichwani, anajiambia, "Pole Pimbi, tunafika, pole." Ndiyo mwendo wake mpaka leo, kiuno chini, anambeba marehemu.

Alipopotea nyuma ya mlima, Pimbi akataka kucheka, akashindwa. Akamkumbatia mkewe, wakalia wote wawili hapo hapo, msiba ulipokwisha.

Ngano yangu inakaa kitako, mimi nasimama, miguu imekufa ganzi.

Na funzo lake, maana najua mtaniuliza: watoto wangu, ukimla mwenzako, jitahidi kukumbuka.

— Lakini Shangazi, Fisi hakumla!

Nani huyo? Chande? Hebu niambie, wewe ulikuwepo?

— Sikuwepo.

Basi tazama dalili. Tumbo lilikuwa ndi, unywele mdomoni, na msiba tumeuzika kwa heshima zote. Alimla! Na karanga zangu zilizokuwa kwenye ungo huu ziko wapi, Chande? Mimi sikuona. Fungua mdomo.