Miwani, Swali na Masikio ya Mzee Kilua

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii ina wenyewe wanaojua kuisimulia. Leo hawapo, mmebaki na mimi. Nikiiharibu chekeni tu, nimeshazoea.

Pale Muheza palikuwa na watu watatu. Zulfa alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Shekue alikuwa na subira ya kueleza. Na Mzee Kilua alikuwa na utani. Hata msibani alichekesha mpaka wafiwa. Wote watatu walimpenda Bi Mwanamvua, naye alipenda nyumba yake na kikaango chake cha vitumbua.

Siku moja mwanawe Hemedi akaja kutoka Dodoma na nesi. Alisikia mama anasahau. "Akishindwa kipimo," alisema, "nafunga nyumba, naondoka naye."

Nesi akamwonyesha bibi picha: jogoo, mwavuli, ufunguo. Baada ya chai akazichanganya na picha ngeni, akauliza ipi ameiona na ipi hajaiona. Bi Mwanamvua akasema zote ameziona. Hata tembo.

"Tembo sikukuonyesha, bibi."

"Nilimwona mbugani Mkomazi, baba yako hajaoa."

Nesi akasema atarudi kesho. Hemedi akaanza kukunja mikeka. Bi Mwanamvua akaenda jikoni, akakishika kikaango kama mtu anayezuia mtoto asichukuliwe.

Zulfa, mkwewe, akamtazama usoni. "Mama, hiyo miwani ni ya marehemu baba. Huoni kitu."

"Namwona yeye."

Zulfa akaingia mvunguni mwa kitanda kumtafutia yake, akatoka nayo.

Shekue, mjukuu, akaketi naye. "Bibi, hakuulizi ya maisha yako yote. Anauliza picha alizokuonyesha kabla ya chai."

"Mgeni aje na vitu vyake, nimwambie sijaviona? Adabu gani hiyo?"

"Safari hii adabu ndiyo hiyo." Akarudia, akarudia, mpaka ikamwingia.

Mzee Kilua, jirani na mtani wake, akautoa mwili wake uwe wa mazoezi. "Sikiliza, kikongwe. Kila picha nibandike mimi. Kijiko?"

"Masikio yako."

"Kiatu?"

"Uso."

"Haya. Uliyonichekea, umeiona. Usiyonichekea, hujaiona."

Kesho yake nesi akaleta picha mpya. Bibi akazitazama moja moja, anacheka peke yake, Hemedi jasho linamtoka. Chai ikanyweka, maswali yakaja. "Hii nimeiona. Hii, unisamehe mwanangu, sijaiona." Hakukosea. Hemedi akakunjua mikeka.

Basi bibi akaahidi kumfunza mmoja wao siri ya vitumbua vyake; mmoja tu, kama mama yake alivyomfunza yeye. Zulfa akasema, bila miwani angeona nini? Shekue akasema, bila kulielewa swali angejibu nini? Kilua akasema, "Mimi ndiye niliyeitwa kiatu."

Je, wewe ungeamua vipi? Fikiri kabla hujajibu. Mimi bibi aliniuliza nina kitumbua mdomoni, nikasema anayestahili ni mlaji. Tangu hapo nikipita mlangoni kwake ananikazia macho, miwani safi, yake mwenyewe, anamwambia Zulfa, "Huyu sijamwona."