Mjane Asiye na Maneno

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe taratibu, kabla ya alfajiri. Jikoni, mwanamke alikuwa akikoroga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu. Msichana, mdogo wa mumewe, alipotoka chumbani na macho mazito, alikuta kikombe kimefunikwa kisahani, kimewekwa mezani upande anaoketi yeye.

"Sukutua koo, wifi," mama yule alimwambia kwa sauti ya chini. "Jana lilikukauka."

Msichana alisukutua bila kushukuru. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa juu ya watu wawili. Wa kwanza ni kaka yake, ambaye tangu wazazi wao wafariki alikuwa akiitawala nyumba kwa kufoka. Wa pili ni wifi yake, kwa kuwa hakuwa akijibu. Wiki hiyo hiyo kaka alilipiga teke beseni la nguo zilizofuliwa, eti shati lake halijapigwa pasi. Wifi aliinama, akaziokota moja moja, akazikung'uta, akazisuuza upya na kuzianika.

"Mtu mzima kama gogo!" msichana alinung'unika siku ile. "Ningekuwa mimi, ningempasulia."

Leo ilikuwa siku ya usaili. Kikundi cha maigizo cha mjini kilitafuta mtu wa kuigiza mjane anayefukuzwa nyumbani na shemeji yake. Nafasi ilikuwa moja, na kaka alikwisha kutoa hukumu.

"Ukikosa, Jumatatu unaanza kuuza misumari dukani kwangu. Kubweka chumbani nako ni kazi?"

Kusema kweli, alikuwa akibweka. Aliyakariri maneno yote ya mjane na kuyapigia kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na harufu ya rangi mbichi. Mwongozaji wa mchezo alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mwigizaji mkongwe, waliyemwita Radi kwa ajili ya sauti yake, alicheza shemeji. Msichana alipanda jukwaani akaachia yote. Alipayuka, akajipiga kifua, mishipa ya shingo ikamtoka kama kamba.

"Basi, mwanangu," mwongozaji alisema. "Sauti nimeisikia. Mjane mwenyewe yuko wapi?"

"Amekimbia kelele!" mmoja wa waliongoja zamu alidakia, na ukumbi ukaangua kicheko.

Damu ilimchemka msichana. "Lakini mama, nimesema kila neno lililoandikwa!"

"Ndiyo maana. Weka karatasi chini. Sasa mjane wako hana hata neno moja. Radi atakutukana na kukutupia nguo. Wewe fanya atakalofanya mjane."

"Yaani niwe bubu? Nimekuja kuigiza, sikuja kuokota nguo!"

"Mlango uko wazi, binti. Na jukwaa liko wazi."

Aliutazama mlango. Nje ya mlango ule kulikuwa na misumari. Akabaki, huku akisaga meno.

"Mchawi we!" Radi alinguruma. "Umemmaliza ndugu yetu, sasa unaitaka na nyumba?" Nguo zikamwangukia miguuni.

Msichana alifungua kinywa kwa mazoea, kisha akakifunga. Aliinama. Mikono yake ilipogusa zile nguo, ilijua la kufanya, kwa maana macho yake yalikwisha kuona. Aliokota shati la mtoto, akalikung'uta, akalikunja. Ukosi ulikaa vibaya. Akalikunjua, akaanza upya, polepole, huku matusi yakimmiminikia kichwani kama mvua ya mawe. Hapo ndipo alipomwelewa wifi yake. Yule mama hakuwa gogo. Hasira yake ilikuwa mle mle, imekunjwa ikapangwa, wala haikupungua hata chembe.

Alipomaliza aliinua uso, akamtazama Radi mara moja tu.

Radi alifungua kinywa. Maneno yakamtoroka.

"Nime... nimesahau," alisema mkongwe yule, akajikuna kisogo. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nafasi ni yako," mwongozaji alisema. Alimpa leso yake mwenyewe ajifute jasho.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumamosi moja alasiri, baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Kaka na mkewe waliketi safu ya pili. Nguo zilipoanza kutupwa, ukumbi ulitulia kama maji ya mtungini, na kaka akajiona pale jukwaani, mzima mzima. Watu waliposimama kupiga makofi, yeye alikwisha kuondoka.

Msichana alirudi nyumbani akisindikizwa na mwongozaji. Alikuta begi lake mlangoni.

"Umenianika mbele za watu!" kaka alifoka. "Mimi niliyekulisha! Toka, na usikanyage tena hapa!"

Msichana alikuwa na maneno mia ya kumrudishia. Hakutoa hata moja. Aliinua begi.

"Twende, mwanangu," mwongozaji alisema, akimshika mkono. "Kwangu kitanda kipo."

Ndipo wifi alipotokea jikoni, akifuta mikono kwa kanga. Alimpita mumewe, akasimama kizingitini. Hakupaza sauti.

"Wifi yangu, Ijumaa uje tule pamoja. Hapa ni kwangu pia, na mgeni wangu hafukuzwi."

"Unasemaje?" kaka aliuliza.

"Umenisikia, baba watoto."

Tangu amwoe hakuwahi kujibiwa. Akashika kiti, akakaa, macho sakafuni.

"Na Ijumaa nyingine uje," wifi aliendelea kumwambia msichana. "Usiache kuja. Nitakungoja."

Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.