Daraja la Nyikani

Paukwa!

"Pakawa!"

Hee! Hiyo ni pakawa ya mtu aliyekula au ya mtu anayesinzia? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nawasikia. Makame, toa mguu kwenye majivu. Sikudhani, msogezee mwenzio mkeka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nchi zao na mipaka yao na vikao vyao virefu, palikuwa na nchi tatu zilizopatana kuwa kitu kimoja. Mtoni walikaa viboko. Majabalini walikaa nyani. Nyikani, kwenye jua kali na miiba, walikaa kanga. Wakasema, "Umoja ni nguvu," wakajenga ghala moja la wote. Kila baada ya mavuno, kila nchi ilileta ilichojaliwa. Viboko walileta magogo na kamba. Nyani walileta mahindi. Kanga, maskini wa Mungu, walileta vikapu viwili vya mtama, na hawakuchelewa hata siku moja. Vitu vile vilikuwa vya kuinua nchi iliyobaki nyuma.

Mgawaji wa ghala alikuwa Bi Nungu, nungunungu wa makamo, nadhifu, mwenye miiba iliyochanwa ikanyooka. Hakuwa mwizi. Nasema tena, hakuwa mwizi! Hata punje moja haikupotea mikononi mwake. Na akiwa njiani aliimba. Imbeni nami:

*Natoka ghalani, nagawa fungu,*
*Fungu la wote, si langu, si langu!*

Basi mwaka mmoja wakakaa kikao cha kugawa, pale pale Mtoni kwenye ubaridi, maana vikao vyote vilifanyika Mtoni. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Akapiga mwayo mpaka magego yakaonekana, akasema, "Jamani, haki ni sawa kwa sawa. Kila nchi ipewe fungu moja, ijenge daraja. Atakayeshindwa kulijenga, mwakani hapati kitu."

Nyani wakapiga makofi. Wao hupiga makofi hata kabla ya kusikia.

Kule nyuma kabisa, Mama Madoa, mkubwa wa kanga, akainua ubawa. Kiboko hakuuona. Bi Nungu aliuona. Aliuona vizuri sana! Lakini viazi vya kuchoma vilikuwa vimeshaiva, harufu inamwita, naye akajisemea, "Ah, atasema siku nyingine." Akanyamaza, Kiboko akafunga kikao.

"Mlafi!" akasema Sikudhani.

Mlafi, eti? Na wewe jana mama yako alipokuita ukaokote kuni, ukajifanya hukusikia, tukuiteje?

Haya. Mafungu yakapelekwa, moja Mtoni, moja Majabalini, moja Nyikani. Ghalani likabaki fungu moja tu la akiba. Masika ikapita, kiangazi kikaingia, Bi Nungu akafunga safari kwenda kuona kazi.

Akaanzia Mtoni. Tembea, tembea, tembea, huku anaimba:

*Natoka ghalani, nagawa fungu,*
*Fungu la wote, si langu, si langu!*

Alipofika akakuta daraja. Daraja pana, zuri, limetoka ukingo huu likaenda mpaka katikati ya mto, likaishia hapo. Na juu yake viboko saba wamelala chali wanaota jua.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Bi Nungu, "ng'ambo hamfiki?"

"Ng'ambo tunaogelea," akajibu Kiboko bila kufumbua macho. "Bi Nungu, jua linatuchoma hapa. Lile fungu la akiba nipatie mimi, niezeke paa."

Bi Nungu akaguna, akaondoka.

Akaenda Majabalini. Tembea, tembea, tembea, akipanda huku anahema, na wimbo mdomoni. Alipofika akakuta jiwe la msingi limepakwa chokaa. Pembeni yake jiwe lingine la msingi. Na pembeni yake, wanangu?

"Jiwe lingine!"

La tatu! Na daraja halipo.

"Jiwe la kwanza aliliweka babu," akaeleza Nyani Mkuu. "Tukala, tukacheza ngoma. Mjomba akanuna, mbona yeye hakuweka? Akaweka la pili, tukala. Shangazi naye akanuna. Tulipomaliza kumridhisha shangazi, mahindi ya mafundi yalikuwa yamekwisha."

"Na magogo?"

"Tulipikia."

Bi Nungu akashika kiuno, akacheka, akakasirika, akacheka tena. Ungefanyaje? Akashika njia ya Nyikani. "Kanga ni watiifu," akajifariji. "Huko nitakuta kazi."

Tembea, tembea, tembea. Jua utosini. Vumbi puani. Na kweli, akaliona daraja! Limekamilika kutoka mwanzo hadi mwisho, limefungwa kamba barabara, na vishikio vya mkono huku na huku. Bi Nungu akaruka kwa furaha. Kisha akatazama chini ya daraja.

"Kulikuwa na mamba?" akauliza Makame.

Mamba atatoka wapi? Kulikuwa na mchanga! Mchanga mkavu na mjusi mmoja. Daraja limejengwa juu ya nchi kavu, mtu angeweza kulizunguka kwa hatua tatu. Na kanga, kwa adabu, walikuwa wanapita juu yake kwa mstari mmoja, kila mmoja na kibuyu kitupu kichwani, wakienda hadi ng'ambo ya vilima viwili kutafuta maji.

"Mama Madoa!" Bi Nungu akapiga kelele. "Huku hakuna mto!"

"Haujawahi kuwapo, Bi Nungu. Karibu."

"Sasa mbona mmejenga daraja?"

"Mlisema daraja. Tena mlisema asiyejenga, mwakani hapati kitu. Tukajenga."

"Si mngesema mnataka kisima!"

Mama Madoa akamtazama. Hakumtukana. Kanga mtu mzima hamtukani mgeni. Akasema polepole, "Niliinua ubawa, dada."

Wanangu, miiba yote ya Bi Nungu ikalala kwa aibu.

Nyuma ya Mama Madoa walikuwapo vifaranga wake wanne, midomo wazi. Wa mwisho, Tone, alikuwa amejilaza kivulini mwa daraja, hana nguvu za kusimama. "Huyu alianguka njiani jana," akasema mama yake. "Dimbwi la vilima viwili limebaki tope. Likikauka tunahama, wanaoweza kutembea. Huyu hawezi."

Bi Nungu akarudi njia nzima bila kuimba. Alimfikiria Tone, akalifikiria fungu moja la akiba na Kiboko anayelitaka kwa paa. Yeye alikuwa mgawaji tu. Kuamua ni kazi ya kikao. Lakini kutangaza kikao kitakaa wapi, hilo lilikuwa lake!

Akatuma mbiu. Kwa nyani akasema, "Kikao Nyikani, kuna uzinduzi wa daraja." Kusikia uzinduzi, nyani wakaanza kuchana nywele. Kwa Kiboko akasema, "Nyikani kuna daraja zuri kuliko lako." Kiboko akafumbua macho yote mawili siku hiyo. "Zuri kuliko langu? Nitaliona kwa macho yangu!"

Wakaja. Kikao kikakaa saa sita za mchana, juu ya daraja. Nyani walikuwa wanaruka ruka, mbao zinawaunguza makalio. Kiboko, ambaye hajawahi kukaa mbali na mto hata nusu siku, ngozi ilianza kumkakamaa, akawa anahema kama mvukuto wa mhunzi.

"Ajenda ya kwanza," akasema kwa shida. "Paa langu. Ajenda ya pili... jamani, maji! Nipeni maji!"

Mama Madoa akaingia kibandani mwake. Kwa kanga, mgeni hanyimwi maji, hata iweje. Akatoka na kata moja ya maji, ameishika kwa mabawa mawili. Kiboko akainywa kwa funda moja, akaramba midomo.

"Leteni mengine."

Tone akainua kichwa pale kivulini. Kisauti chake kilikuwa chembamba. "Hakuna mengine, Mheshimiwa. Hayo yalikuwa yetu sisi wanne, mpaka kesho."

Hata nyani waliacha kujikuna.

Kiboko akaitazama ile kata. Akaitazama tena, kama vile maji yatarudi. Bi Nungu akasimama, akasema, "Wenzangu, Mama Madoa aliinua ubawa siku ile tukigawa. Mimi niliuona. Nikanyamaza kwa sababu ya viazi. Kosa ni langu, nivueni kazi mkitaka. Lakini lile fungu la akiba lichimbe kisima hapa."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema Kiboko, machozi yanamtoka. "Mimi niliwagawia wenzangu daraja kwa sababu mimi nina mto. Bi Nungu, wewe baki kazini. Nani anakubali kisima?"

Nyani wakainua mikono, na miguu pia. Kanga wakainua mabawa, na safari hii mwenyekiti aliyahesabu moja moja.

Kazi ikaanza siku ile ile, fungu la akiba likalisha wachimbaji. Bi Nungu na ndugu zake wakachimba, maana nungunungu ndio mabingwa wa mashimo. Nyani wakabeba mchanga, na kila jioni wakateremka na viboko Mtoni, wakapandisha vibuyu vya maji ya vifaranga. Daraja likabomolewa, magogo yake yakazuia kingo za shimo zisiporomoke. Siku ya tisa Bi Nungu akapiga kucha chini, akahisi ubaridi. Akapiga tena. Maji!

Kiboko alitaka kujitosa kisimani, wakamshika mkia wenzake kumi na wawili. Wakampaka tope mwili mzima, akacheka mpaka tumbo likamtikisika.

Nyani Mkuu akateka kata ya kwanza, akaanza, "Ndugu wageni waalikwa—"

"Kaa chini!" wakasema wote.

Bi Nungu akaichukua kata, akapiga magoti mbele ya Tone. "Kunywa, mwanangu." Tone akanywa. Akanywa tena. Akasimama kwa miguu yake miwili, akatikisa manyoya, akamrushia Bi Nungu maji usoni, akakimbia.

Basi, wajukuu zangu, kumgawia mwenzio si kumpa unachokitaka wewe. Muulize kwanza, na akiinua mkono, mwone.

Ngano yangu imetua mzigo hapo. Makame, wewe uliyekuwa na mkono juu tangu zamani, sema, mwanangu.