Kijiji Kimoja cha Kutaja

Kaeni mkae. Anayetafuna atafune kimya, na anayejua jibu kabla ya swali akalale.

Palikuwa na vijana wanne wa timu moja ya baiskeli. Luhende alitoka tambarare, kifua kipana kama mlango wa ghala. Upepo ukimkuta barabarani unampisha. Kihwelo alikuwa na kichwa kilichotulia. Wenzake wakihema na kutukanana, yeye anapima nani kachoka. Tuntufye alitoka milimani kwenye mvua, amekua akiteremsha mikungu ya ndizi kwa baiskeli isiyo na breki, mteremko kwake ni uani kwao. Wa nne ni Chesko. Chesko alijua kupanda mlima, mwepesi kama mbuzi mwenye njaa. Lakini alikuwa mtoto wa mjini, mlango wao umetazama lami, na mdomo wake ulitoa ahadi kama bomba bovu linavyotoa maji.

Mbio zenyewe ni za kuzunguka nchi nzima, siku baada ya siku. Muda wa kila siku unajumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano. Zilianza zamani, baiskeli zikiwa nyeusi na nzito, washindani wakiwa wauza maziwa na matarishi. Mshindi wa kwanza kabisa, muuza maziwa mmoja, wakubwa walimuuliza jukwaani anataka nini. Akasema, "Mwakani anzieni kwetu, muone tunavyoishi." Wakacheka, wakakubali. Mwaka uliofuata magari yao yakazama kwenye matope mpaka milangoni, na wakubwa wakavushwa migongoni mwa akina mama. Hawakucheka tena. Tangu hapo ikawa desturi: mshindi husimama jukwaani, hutaja kijiji kimoja kwa kinywa chake, mbio za mwakani huanzia huko, na kabla yake barabara ya kijiji hicho hutengenezwa. Ndiyo maana katika nchi ile lami haikufuata ramani. Ilifuata mapaja ya vijana.

Kijiji kimoja. Si lazima kiwe chake. Akishuka bila kutaja, mbio zinaanzia mji mkuu, ambako barabara haina shida ila foleni.

Siku ya tambarare upepo ulikuja usoni tangu asubuhi. Chesko, na wepesi wake ule, akawa anapeperushwa kama gazeti. Kundi la mbele likaanza kumponyoka.

"Kaka Luhende, nikinge! Nikiachwa leo, hata hiyo milima haitanisaidia."

"Mtani, nyie wa mjini mkibebwa mnasema mmetembea," Luhende akajibu. "Nikukinge wewe, mimi nipate nini? Nguvu za kumaliza na wa mbele ninazo."

"Nikishinda nataja kwenu."

Luhende akamtupia jicho. Kwao ni Mwabusele. Masika yakishika, mama mwenye uchungu wa kuzaa hulazwa juu ya mlango uliong'olewa, akabebwa na wanaume. Mkewe alibebwa hivyo. Walirudi na mlango na mama, mtoto hawakurudi naye. Basi Luhende hakuuliza neno jingine. Akapita mbele, akainama, akaubeba upepo ule peke yake hadi mwisho. Chesko akamaliza na wa mbele. Luhende akamaliza na wa mwisho, wakamshusha kwenye baiskeli kama gunia, na katika mbio zile miguu yake haikuwa tena ya kushindana na mtu.

Siku ya mawe, jezi ya njano ilikuwa mgongoni mwa Kihwelo, na Chesko anamfuata kwa kidogo sana. Katikati ya kokoto tairi la Chesko likapasuka. Gari la mafundi lilikuwa mbali, limezibiwa njia na lori la mchanga. Kihwelo akageuka, akasimama.

"Nipe gurudumu lako," Chesko akasema.

"Aliyevaa njano ni mimi, ndugu yangu. Hujaona rangi, au jua limekuingia kichwani?"

"Kesho ni mlima. Mlima utauweza wewe?"

Kihwelo akapima. Huenda angeuweza, huenda ungemnyang'anya jezi. Hata leo hakuna ajuaye. Kisha akauliza, "Na kwetu?" Kwao ni Itundwa, ng'ambo ya mto usio na daraja. Watoto huvuka kwenda shule wameshika kamba, na si wote waliowahi kuufikia ukingo wa pili.

"Nikishinda nataja kwenu."

"Ukisahau?"

"Mungu anatuona."

"Mungu anaona, lakini hapandi jukwaani. Utapanda wewe."

Mnataka kujua kama Chesko aliikumbuka ya Luhende? Aliikumbuka vizuri. Ila alijiambia, nani kasema nitashinda? Ahadi ya anayeshindwa haina mdai. Wajinga wote huwaza hivyo mpaka siku wanaposhinda. Akachukua gurudumu, akaenda. Kihwelo akabaki kando ya barabara na baiskeli ya tairi moja, na gari lilipomfikia, jezi haikuwa yake tena.

Siku ya mwisho ikawa ya mlima. Chesko akaupanda kama kawaida yake, Tuntufye nyuma yake. Kileleni wakakuta ukungu na mvua, na upande wa pili barabara inaanguka kama ukuta. Mikono ya Chesko ikagandia kwenye breki. Nyuma yao alikuwa anakuja mtu wa timu nyingine, na huyo hakuwa na woga.

"Tuntu, sioni barabara."

"Hata mimi siioni. Naijua tu."

"Nipitishe, nami nikishinda..."

"Utataja kwetu Nyalumo?" Tuntufye akamkatiza. "Tunateremsha mgonjwa kwa machela, utelezi ukitukamata tunafika chini wagonjwa watatu. Utataja?"

"Nitataja."

Tuntufye akatangulia. "Achia! Bana! Lala kulia!" Chesko alifuata sauti kama kipofu. Kwenye kona ya mwisho udongo ulikuwa umeporomoka, umebaki ukanda mwembamba wa lami, upana wa mkeka. "Pita wewe!" Tuntufye akapiga kelele, naye akaingia kwenye tope. Chesko alisikia mtulinga wa bega la mwenzake ukivunjika, kama mti wa muhogo. Hakugeuza shingo. Akashinda.

Sasa mtazameni mshindi wenu. Yuko kwenye chumba kidogo chini ya jukwaa, chenye mlango mmoja. Nje watu wa Mwabusele wanapiga vigelegele. Watu wa Itundwa nao wamekuja na mabuti ya mvua, wanacheza. Watu wa Nyalumo wamemwinua baba yake Tuntufye mabegani. Wenzake watatu wameingia kumpongeza, na Kihwelo akachungulia nje.

"Mbona hawa wote wanashangilia?" akauliza. "Kila mtu kaambiwa ni kwao?"

Wakatazamana. Kisha wakamtazama Chesko.

"Niliahidiwa wa kwanza," Luhende akasema taratibu. "Alipowaahidi nyie, alikuwa anagawa kitu changu."

"Wa kwanza si hoja," Kihwelo akasema. "Wewe ulitoa nguvu. Mimi nilitoa ushindi. Hiyo jezi ilikuwa na jasho langu kabla ya lake."

Tuntufye, mkono umefungwa kwa kanga, akacheka bila furaha. "Nguvu zitarudi, na jezi itakuwepo mwakani. Bega langu je? Daktari kasema baiskeli basi."

"Nitawaomba wakubwa," Chesko akasema, "nitaje vitatu."

Mzee msimamizi wa mbio alikuwa mlangoni, amekuja kumwita. "Mbio hazianzi mara tatu, kijana. Njia mbili zilimshinda fisi, wewe umeshika tatu."

"Basi pigeni kura."

"Kura ni ya wasiodai," Tuntufye akasema. "Sisi tunadai."

"Basi nitashuka kimya."

"Shuka," Luhende akasema. "Utakuwa umetudhulumu sawasawa. Lami utawapa wenye lami."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga, angepata pa kukimbilia. Walimfungulia mlango tu, wakasimama pembeni, akapanda ngazi moja moja kama mzee, yeye aliyepanda milima. Uwanja mzima ukamgeukia. Upande huu mke wa Luhende, katikati watoto wa kamba, upande ule mzee aliyeinuliwa mabegani. Chesko akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake neno likakataa kutoka.

Msiniambie ni mjinga. Hilo nimewaambia mimi. Wala msimlilie, machozi hayatengenezi barabara. Aliyeahidiwa kwanza, aliyepoteza ushindi, na aliyevunjika mwili: kijiji ni kimoja, na jina likishatamkwa halirudishwi.

Haya, kipaza sauti shika wewe, na watu wanakutazama. Unataja wapi? Na ukishataja, wale wengine wawili utawatazamaje machoni?