Tuta la Asumini na Mrashi wa Bibi

Haya, sogeeni karibu. Anayetafuna amalize kwanza, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki kujibiwa mdomo umejaa.

Hapo Tanga palikuwa na ndugu watatu. Zuwena, mkubwa wao, alikuwa na mikono: jiwe ambalo wanaume wawili wangelizunguka wakiguna, yeye alilibingirisha peke yake. Ngwali alikuwa na ulimi: akiingia kwako kuomba chumvi, anatoka na chumvi, samaki, na salamu za mama yake. Mwatime, kitinda mimba, alikuwa na subira, mpaka wenzake wakamwita Konokono. Hakujali.

Bibi yao, Bi Mwanakombo, aliletwa kwao kutoka Pangani baada ya kufiwa na mumewe. Eda ikaisha, bibi hakutoka chumbani. Chakula alikidonoa tu. Hata Ngwali, mjukuu ambaye bibi siku zote alimwita "mume wangu" kwa utani, sasa bibi alimwita kwa jina lake. Hilo liliwauma watoto kuliko yote.

"Bibi, toka nje upunge upepo," walimbembeleza.

"Nje kuna nini? Kifusi?" Na kweli, chini ya dirisha lake mafundi walikuwa wameacha kifusi tangu choo kilipojengwa. "Atakayenitoa humu nitampa mrashi wangu."

Mrashi ule wa fedha, wa kunyunyizia marashi ya mawaridi, alipewa siku ya harusi yake. Wote watatu walikuwa wakiumezea mate tangu wadogo.

Kesho yake Zuwena akashika sururu. Alivunja zege, akazoa vigae na misumari, akabeba karai baada ya karai hadi viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tano ardhi ikaonekana, imeharibika kwa saruji. Akaichimbua yote, akajaza udongo mweusi na samadi ya mbuzi wa jirani. Likapatikana tuta zuri, ila tupu.

Ngwali akapanda basi hadi Pangani, kwenye nyumba ya zamani ya bibi, alikoacha asumini zake, maua ya kunukia aliyoyapenda kuliko yote. Mpangaji mpya, mama asiyependa wageni, alishaapa kwamba hakuna atakayegusa asumini za pale. Ngwali hakuomba kitu. Alikaa mlangoni, akamsimulia jinsi bibi alivyokuwa akimkimbiza babu kwa ufagio kila alipochuma asumini kabla hazijafunguka. Mama yule akacheka mpaka akafuta machozi.

"Chukua, mwanangu," akasema, akamkatia vitawi sita kwa kisu chake mwenyewe.

Wakati wa kupanda, Zuwena na Ngwali kwa pupa yao wakavichomeka vitawi vichwa chini! Mwatime ndiye aliyegundua, akavigeuza kimoja kimoja. Vitano vikafa hata hivyo. Kile kimoja akakijengea kivuli cha makuti, akakimwagilia asubuhi na jioni maji yaliyobaki ya kutawadhia, akamfukuza yule mbuzi aliyedhani samadi yake inampa haki ya kula. Masika yakapita, kipupwe kikapita. Wenzake walishakata tamaa. Yeye hakukosa hata siku moja.

Jioni moja ya vuli, bibi akanyanyua kichwa kwenye mto. Akanusa.

"Asumini ya kwangu hiyo!"

Akatoka peku, bila hata kushika ukuta. Akasimama mbele ya tuta, akacheka, akalia, akacheka tena.

"Mume wangu!" akamwita Ngwali. "Lete kiti! Nina njaa!"

Watoto walirukaruka kwa furaha. Alipomaliza sahani mbili, bibi akautoa mrashi.

"Bila mimi, asumini ingepandwa kwenye zege," akasema Zuwena.

"Bila mimi, lingebaki tuta la udongo," akasema Ngwali. "Bibi katolewa na harufu ya kwao!"

"Bila mimi, mngekuwa na vijiti sita vikavu," akasema Mwatime taratibu.

"Na mbuzi wangu je?" jirani akapaza sauti ng'ambo ya ukuta.

Bibi akawanyunyizia wote marashi, mpaka mbuzi. Kisha akaushika mrashi kifuani.

"Niliahidi, na mrashi ni mmoja. Nyote nawapenda sawa, mimi siwezi kuamua. Kaulizeni watu."

Basi ndio nimekuja kwenu. Bibi amekaa nje, kando ya tuta lake, anasubiri jibu, na wala hana haraka ya kurudi ndani. Je, wewe ungempa nani?