Blanketi la Bibi Atupele na Waranti ya Laptop

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzi tu, mimi mwenyewe nilikuwepo. Macho yangu haya yaliona yote, toka dukani mpaka kijitoni. Wapo watakaokuambia kwamba siku hizo nilikuwa Makete nanunua viazi. Waache. Watu wa namna hiyo hata jua likichomoza huuliza shahidi ni nani.

Palikuwa na nyumba kwenye miteremko ya Rungwe, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila hodi ukakaa mkekani kama mgeni wa siku zote. Waliishi humo watatu: Bibi Atupele na wajukuu wake, Sekela na mdogo wake Asajile. Shamba lao la viazi lilikuwa moja, na kwa viazi hivyo wakaamua kununua laptop moja ya wote.

Aliyeitaka zaidi ni Sekela. Alikuwa akipiga video za harusi, akizikata na kuziunganisha mpaka bibi harusi aliyenuna aonekane anacheka. Akiikosa mashine, alijua kinachomngoja: kikapu cha kuchumia chai kilichoning'inia mlangoni, alichokiacha mama yake. Aliwahi kukibeba. Kilikuwa kizito hata kikiwa kitupu.

Alfajiri ya kwenda dukani, Sekela akaota. Aliiona mashine imelala katikati ya ukungu, mfuniko wake ukifunguka na kujifunga taratibu kama bawa la kipepeo, na ndani yake ukitoka moshi wa buluu, mwembamba, usio na haraka.

Kule kwao ndoto mbaya huambiwa maji kabla ya kuambiwa mtu, na ikishaambiwa maji, mtu haambiwi tena, maana ukiisimulia utakuwa umeiita irudi nyumbani. Sekela akashuka kijitoni, akainama, akanong'ona. Maji yakachukua, yakaenda.

Dukani, muuzaji akawaambia, "Mashine ina waranti yake fupi. Lakini mkilipia hii ya nyongeza, ikifa kabla ya mwaka wa pili kuisha, mnapewa nyingine mpya."

Asajile akacheka. "Bosi, mashine ikiwa nzima, waranti ya nini? Na ikiwa mbovu, mbona unatuuzia?"

Muuzaji akakuna kidevu. Swali hilo hakufundishwa.

Sekela akaivuta kanga ya bibi yake. "Bibi, tuichukue. Nimeota vibaya."

"Umeyaambia maji?"

"Nimeyaambia."

"Basi mimi usiniambie."

Bibi Atupele akatazama ng'ambo ya barabara. Duka la pale lilikuwa limetundika blanketi zito la rangi ya ugoro, na pesa ya blanketi hilo ndiyo iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Akalitazama kama mtu anayemuaga ndugu kituoni. Kisha akafungua pindo. "Andika hiyo waranti. Mimi na baridi tunajuana tangu utoto."

Baridi ya mwaka ule ikapita, ikaja ya mwaka wa pili, na hiyo ilikuwa na meno. Sekela akienda harusini na kamera yake, Asajile naye shambani, Bibi hubaki peke yake na ukungu. Ndipo akagundua kwamba mashine ikiwashwa kwa muda hupata joto, joto la kuku aliyelalia mayai. Akawa anaipakata magotini, anaifunika kwa shuka pamoja na miguu yake, anafumba macho. Alisema inapumua.

Mchana mmoja Sekela akarudi, akasimama mlangoni. Bibi alikuwa amesinzia, anatabasamu. Chini ya shuka ulitoka moshi wa buluu, mwembamba, usio na haraka. Sekela hakupiga kelele. Alikuwa ameshaiona picha ile.

"Bibi, uliifunika?"

"Ilikuwa inasikia baridi, mjukuu wangu. Na mimi pia."

Mashine ilikuwa imekata roho. Asajile akaingia, akaona, akapiga paji la uso. "Waranti inaisha leo, duka likifungwa tu."

Barabara ilikuwa imekatwa na tope, hakuna gari. Asajile huyohuyo aliyeicheka waranti akaifunga maiti ile kwa majani ya mgomba, akajitwika, akateremka mbio katikati ya mashamba ya chai, ukungu ukimfungukia mbele na kumfungia nyuma. Akafika mlango wa duka ukishushwa. Akaingiza mguu.

"Imekufaje?" muuzaji akauliza.

"Kwa baridi," akasema Asajile, bila kupepesa.

Muuzaji, aliyekuwa amevaa makoti mawili, akautazama ukungu uliomfuata kijana mpaka ndani, akaamini. Akatoa mpya.

Sasa sikilizeni. Wiki ileile studio ya Mbeya ikamwita Sekela: njoo, lakini uje na mashine yako. Chuo nacho kikamwita Asajile: njoo, lakini uje na mashine yako. Mashine moja mkekani, watu watatu wameizunguka, ukungu wa nne.

Sekela akasema, "Nisingeota, tusingekuwa na waranti. Hii ni ndoto yangu."

Asajile akasema, "Dada, uliota nini? Tuambie."

Sekela angesemaje, na maji yalishapewa?

"Unaona? Pengine uliota umeng'oka jino. Ndoto ni ya maji sasa, maji ndiyo yaje kudai. Miguu iliyokimbia ni yangu, na ulimi uliosema baridi ni wangu."

Bibi akasema, "Blanketi langu liligeuka waranti, waranti ikageuka mashine. Kwa hiyo hili ni blanketi langu, na wazee hawavuliwi blanketi."

"Lakini Bibi, wewe ndiye uliyeiua ile ya kwanza," akasema Asajile.

"Ningekuwa na blanketi, ningeiua? Na nisingeiua, wewe ungekimbia kwenda wapi?"

Sekela akakitazama kikapu mlangoni, kisha akasikiliza kijito nyuma ya nyumba. Kilipita kikisema maneno yake, na ya Sekela yakiwemo humo, hayatenganishwi.

Nami, kwa kuwa sisemi uongo, nikiri jambo moja tu. Ile ndoto, bawa la kipepeo na moshi wa buluu, nimeitia mimi. Sekela aliyaambia maji peke yake, na maji hayajaniambia. Huenda aliiota laptop. Huenda aliota jino. Mengine yote niliyaona.

Basi semeni ninyi: aliyeota, aliyetoa blanketi lake, au aliyekimbia na maiti kichwani? Je, nani alistahili mashine ile?