Kwa Nini Bunduki za Mwanga Hukohoa

Mniwie radhi mapema, vijana, kwa sababu hadithi hii nitaiharibu. Wapo wanaoisimulia watu wakasahau kula. Mimi nikiisimulia watu hukumbuka kula. Lakini mwenye kuijua vizuri yuko likizo, ninyi kesho mnakabidhiwa silaha, na mtu hakabidhiwi bunduki ya mwanga bila kujua kwa nini inakohoa. Basi kaeni; wapishi nao na Afande wasogee na sufuria zao. Wewe wa nyuma, vua hiyo kofia ya chuma, haitakukinga na maneno yangu.

Ulikuwapo wakati ambapo bunduki za mwanga hazikuwa na adabu. Ilikuwapo aina moja tu, kwetu sisi wa Majivuni na kwa watani zetu wa Chumvini, maana zote zilishushwa kutoka karakana ile ile ya angani, ambayo haikuwa ya upande wowote. Iliitwa Bubu. Mwanga wake haukuwa na rangi wala mlio, wala harufu mpaka ukukute. Ukiminya kifyatulio, aliye mbele yako alianguka, au hakuanguka. Na kama hakuanguka ulibaki ukijiuliza kama umekosa shabaha, betri imekwisha, au loki, ile komeo ya kuzuia mwanga, imefungwa. Wapo waliotafuta jibu kwa kuchungulia mdomo wa bunduki. Hao hawakurudi kutuambia waliona nini.

Zama hizo Majivuni na Chumvini waligombea barafu ya mlimani, ambayo ndiyo maji pekee ya sayari yetu hii. Waligombana, lakini walikuwa watani, na utani ni mkubwa kuliko vita. Upande mmoja ukifiwa, mapigano yalisimama, na mtani alivuka mpaka mikono mitupu kuja kufanya kazi yake: kulala kaburini akakataa kutoka, kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake na maneno yake mpaka wafiwa wacheke. Wafiwa wasipocheka, marehemu amezikwa nusu.

Bingwa wa kazi hiyo upande wa Chumvini alikuwa Lwanzali, mtu mrefu mwenye uso usiojua haya. Basi Afande Chilumba wa Majivuni alipofariki kitandani kwake, kwa uzee, jambo geni kabisa kwa askari wa wakati ule, Lwanzali alifunga safari. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya kikohozi. Maana Chilumba alijulikana kwa kikohozi. Majivu yalimwingia kifuani ujanani, yakajenga humo, yakazaa. Alikohoa kabla ya kila neno, mbili fupi na moja ndefu: khu, khu, khuuu. Kambi nzima ilijua anakuja kabla hajafika, na kila mtu akapata nafasi ya kuficha alichokuwa anaficha.

Lwanzali alipofika msibani hakusalimia. Alivaa koti la marehemu, akavuta mguu mmoja kama yeye, akakohoa. Wanawake waliokuwa wanalia walishika mbavu. Bi Sekela, mjane mwenyewe, alificha uso kwenye upindo wa kanga, na mabega yake yakatikisika kwa sababu mbili kwa pamoja.

"Nani amenilaza kwenye sanduku jembamba hivi?" Lwanzali aliuliza kwa sauti ya marehemu. "Khu, khu, khuuu! Kabwere! Wewe ndiye kamanda siku hizi? Kumbe ndiyo maana nimekufa!"

"Nenda zako, mla chumvi!" Kamanda Kabwere alimjibu, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kwenu hata maiti hawaozi, mnawaweka kama samaki!"

Lwanzali akaona bunduki ya marehemu imelazwa juu ya jeneza, akaichukua.

Hapa ndipo pana kosa, na ni kosa la kwetu tu. Kwao Chumvini, askari akifa hutolewa betri kwenye bunduki kabla haijawekwa jenezani, ili asiendelee na vita huko aendako. Kwetu Majivuni, betri hujazwa pomoni, ili marehemu asifike ugenini akaanza kuomba moto. Lwanzali alijua ya kwao. Hakuna aliyewahi kumweleza ya kwetu, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna watu wanaofanya vingine.

Akaanza kupiga watu. Alimwelekezea mpishi bunduki, akaminya, mpishi akaanguka kwa madaha, miguu juu. Alimwelekezea tarishi, tarishi akazunguka mara mbili kabla ya kuanguka, kwa sababu alitaka aonekane. Hao wote walisalimika, kwa kuwa loki ilikuwa imefungwa. Kisha Lwanzali, katika kuvuta ule mguu wa marehemu, akaigongesha bunduki kwenye kona ya jeneza. Loki ikafunguka. Hakusikia, maana kila mtu alikuwa anacheka.

Aliyefuata alikuwa Ntimi, mdogo wake Kamanda Kabwere. Ntimi alitanua mikono akasema, "Nipige hapa, mtani, penye mapenzi!" Lwanzali akaminya. Ntimi akaanguka.

Alianguka vizuri kuliko wote. Watu walipiga makofi. Mwanga wa Bubu hufunga jeraha unapolifungua, kwa hiyo damu haikutoka hata tone. Kabwere mwenyewe alisema, "Huyu mdogo wangu amekosea kazi, huyu ni wa jukwaani," na watu wakacheka tena.

Lwanzali akamgeukia Bi Sekela. Bi Sekela hakuanguka. Alikuwa anamtazama Ntimi.

"Baba, shusha hicho kitu," alisema taratibu. "Shati la Ntimi linafuka moshi."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikufa kwa mafungu, kuanzia mbele kwenda nyuma, na wale wa nyuma walikuwa bado wanacheka wakati wa mbele wameshaanza kupiga mayowe. Lwanzali aliitupa bunduki kama mtu aliyeshika nyoka akidhani mshipi. Alitaka kusema neno, akakuta sauti pekee aliyo nayo ni ya marehemu.

Kabwere alimnyang'anya mlinzi bunduki, akamlenga Lwanzali kifuani, akaminya.

Lwanzali alikuwa bado amesimama. Lakini kusimama hakukuwa ushahidi, maana wapo waliopigwa na Bubu wakasimama kitambo kabla ya habari kuwafikia. Kabwere hakujua kama amepiga. Watu hawakujua kama wanamtazama mtu hai au marehemu aliyechelewa kuanguka. Hata Lwanzali mwenyewe hakujua. Alijipapasa kifua, akajipapasa na mgongo, akitafuta tundu. Mlinzi ndiye aliyejua kwamba loki imefungwa, na mlinzi hakuwa na ulimi wa kusema.

Ndipo majivu yalipomkaba Lwanzali kooni. Akakohoa. Na kwa kuwa koo lake lilikuwa limekaa njia moja tangu alfajiri, kilichotoka ni khu, khu, khuuu.

Kila mtu aligeuka akatazama jeneza. Bunduki ikashuka mkononi mwa Kabwere.

"Laiti na bunduki yake ingekohoa kama mwenyewe," Bi Sekela alisema, "Ntimi angejua si mchezo. Angelala."

Walizika wawili siku hiyo, na Chumvini walikuwa wameshajipanga mpakani wakidai mtu wao. Kabwere alitaka damu. Kila mkono ulikuwa na Bubu, na hakuna aliyeweza kusema kama vita vimeanza tena au la, maana vingeanza bila mlio. Lakini mwenye kilio ndiye mwenye neno, na neno lilikuwa la Bi Sekela.

"Mtani hashtakiwi kwa alichofanya msibani," alisema. "Hiyo ni mila, na sitaivunja mimi. Lakini mtani akiharibu, hutengeneza. Lwanzali, kikohozi cha mume wangu umekichukua wewe. Kipeleke karakana, ukakitie kwenye bunduki. Siku ya arobaini urudi nacho."

"Nisipoweza, Mama?"

"Utarudi vilevile," Kabwere alijibu. "Na mimi nitakuwa nimekagua loki."

Lwanzali akapanda angani. Mkuu wa karakana, Injinia Nkinda, mama mfupi aliyevaa miwani juu ya miwani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Babu zetu wamehangaika maisha yao yote kuinyamazisha bunduki," alisema. "Leo unataka nikuwekee mafua?"

"Ndiyo, shangazi. Ikohoe kwanza, mwanga ufuate. Mtu apate nafasi ya kulala."

"Askari gani atataka bunduki inayomwonya adui?"

"Anayejua kwamba adui naye anayo ya namna hiyo."

Injinia Nkinda alivua miwani moja. Kazi ikaanza. Lwanzali alikohoa mbele ya mitambo asubuhi na mchana, mpaka mafundi wakaanza kumletea asali. Bunduki ya kwanza ilikohoa kama mgeni anayetaka kukaribishwa chai. Nyingine ikalia kama mbuzi. Alikuwa anasema, "Bado, huyu si Chilumba, huyu ni shemeji yake." Walipoipata sawasawa, fundi mmoja mzaliwa wa Majivuni aliyekuwa anapita mlangoni alificha chupa nyuma ya mgongo kabla hajajua kwa nini. Ndipo Lwanzali alipojua imekubali. Wakaiita Kikohozi: fupi, nyepesi, ya vita vya karibu.

Alipoipitisha kwao Chumvini, walimzomea. Tambarare za chumvi zina upepo usionyamaza. Ukikohoa huko, kikohozi kinachukuliwa kabla hakijakutoka. "Umetuletea mgonjwa, Lwanzali, tena mgonjwa bubu!" Akarudi karakana. Kwa ajili ya Chumvini wakatengeneza bunduki ambayo hutangulia kutoa mwanga mwekundu usiounguza, na kwa kuwa chumvi ni nyeupe, wekundu huo huonekana kama wino kwenye kanzu. Hiyo ni Wekundu, ile ya kati, yenye kitako cha kukunja.

Wakabaki walinzi wa mlimani, wanaopiga kutoka mbali, ambako hakufiki kikohozi wala rangi. Kwao ikaundwa ile ndefu ya miguu miwili, ambayo mwanga wake huanza na joto dogo, kama jua la asubuhi mgongoni, kisha ndipo huja wenyewe. Hiyo ni Vuguvugu.

Siku ya arobaini Lwanzali alifika na bunduki tatu. Kabwere hakuuliza habari za safari. Alichukua Kikohozi, akafungua loki mbele ya watu wote, akamwonyesha Lwanzali mahali pa kusimama.

"Geuka, unipe mgongo."

"Mtani wangu, mimi ndiye niliyeitengeneza..."

"Vizuri. Ikikohoa, utalala. Isipokohoa, utalala vilevile."

Lwanzali akageuka. Alisikia upepo. Alitamani kufanya mzaha, na kwa mara ya kwanza maishani hakuuona. Alimwona Ntimi tu, ametanua mikono.

Khu, khu, khuuu.

Alikuwa chini kabla ya ile ndefu kumalizika. Mwanga ulipita palipokuwa na shingo yake, ukatoboa mlima. Bi Sekela, aliyekuwa ameketi mkekani, aliinuka nusu kumpisha mumewe, kisha akakaa tena, akalia kama siku ya kwanza.

Akajaribiwa na Wekundu pia, akauona wekundu kwenye mikono yake, akalala. Kwenye Vuguvugu ndipo alipochelewa kidogo. Siku ile palikuwa na baridi, joto likamgusa mgongo, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba alinogewa. Alilala, ila suruali haikuwahi. Tangu hapo hakukaa kitini kwa raha, na watani wa Majivuni hawakuacha kumletea mito.

Watu wakacheka, na Kabwere akacheka, kisha kicheko kikamgeuka akaketi chini palepale, bunduki mapajani, akamlilia mdogo wake kwa sauti. Lwanzali alitambaa hadi pale alipokuwa. Hakuiga mtu. Alikaa naye, kwa upande.

Vita havikuisha, vijana, nisiwadanganye. Barafu ni ile ile na wanywaji ni wale wale. Lakini Bubu zote zilipelekwa karakana zikayeyushwa, na tangu siku hiyo bunduki ya mwanga haipigi mtu bila kumbishia hodi: ya karibu hukohoa, ya kati huonyesha wekundu, ya mbali hukupasha moto. Na tangu siku hiyo mtoto wa Majivuni, akiwa shuleni, sokoni au kwenye harusi yake mwenyewe, akisikia khu, khu, khuuu, hulala kifudifudi kwanza, maswali baadaye.

Khu, khu, khuuu. Haya... mbona mmelala wote? Na wapishi nao? Afande, na wewe, mpaka ndani ya sufuria? Inukeni, jipanguseni. Hakuna adui. Ni mimi, kifua kimenibana.